Krimu au Maziwa

Akina mama, nisikilizeni kidogo, nitasema harakaharaka kwa sababu nikipunguza mwendo nitasahau. Kulikuwa na mwanamke mmoja mjamzito, mimba ya pili. Ile ya kwanza alijifungua kwa upasuaji, nusura afe. Safari hii nesi akamwambia, usingoje uchungu ukiwa nyumbani, njoo mapema ulale hapa hospitali. Akaitikia vizuri. Akarudi nyumbani, akaanza kupaka chumba rangi.

Mnajua wenyewe, mtoto akizaliwa watu wanakuja kumwona, na wengine wanaangalia ukuta kuliko mtoto. Akanunua makopo mawili, moja rangi ya krimu, jingine rangi ya maziwa, karibu mapacha. Akapaka kiraka hapa, kiraka pale. Asubuhi maziwa ndiyo nzuri, mchana krimu, jioni hajui tena ipi ni ipi. Mumewe akachungulia.

"Mke wangu, si ni rangi moja hii?"

"Moja wapi? Hii ina njano. Au ile. Ngoja kwanza, usinichanganye."

Siku aliyopewa na nesi ikafika, ikapita. "Nikishachagua nitakwenda," akasema. Ninyi mngemwambiaje? Mngemsaidia kuchagua? Majirani walimsaidia, kila mmoja na yake, akazidi kuchanganyikiwa.

Ndipo akaja wifi yake, mnawajua mawifi wa maneno. Akautazama ukuta, akatazama miguu ya mwenzake ilivyovimba. Akamimina makopo yote mawili kwenye ndoo, akakoroga.

"Haya, bibi harusi wa ukuta, imebaki moja. Begi lako liko wapi?"

Yule mama akaketi chini, akalia. "Wifi, naogopa. Nikienda sitarudi."

"Sasa si ungesema hilo tangu mwanzo," wifi akamjibu, sauti imeshuka. "Simama. Tunakwenda wote." Wakaondoka mchana uleule.

Na sisi je? Tukipiga magoti hapa tunamweleza Mungu habari za pazia, za sare ya kwaya, mara hivi, mara vile, tunachanganyikiwa mpaka tunachoka, na lile linalotunyima usingizi hatuligusi. Tunadhani hatujui la kufanya. Kumbe tunajua, tunaogopa tu. Nani aanze kulisema leo? Haya, tufumbe macho. Nitaanza mimi.

Baba, naogopa.