Kidari cha Mbuzi wa Asimwe

Hapo zamani, na msiisogeze mbali sana zamani hiyo, maana baadhi ya waliokuwamo bado wanafuatilia pensheni, palikuwa na nchi ya migomba. Nchi hiyo ilikuwa na sheria na ilikuwa na mila. Sheria ilikaa mjini, katika ofisi yenye feni isiyozunguka. Mila ilikaa kijijini, vichwani mwa watu. Zilikuwa hazijawahi kukutana, na kila moja iliishi kwa amani.

Mila ilisema: mtu akienda ng'ambo na habari zake zikakatika, ndugu zake hawatamsubiri milele. Watakata shina la mgomba lenye kimo chake, watalifunga kwa blanketi, watalilia na watalizika. Baada ya hapo mdogo wake anaweza kuoa na kurithi shamba, na mama yake anaweza kulala usingizi.

Sheria ilisema: mtoto aliyezaliwa nje ya nchi atakuwa raia kupitia kwa baba aliye raia, ilimradi baba huyo alikuwa hai mimba ya mtoto ilipotungwa. Aliyeandika kifungu hicho hakujua habari za mgomba.

Katika kijiji kimoja aliishi Bibi Kokwijuka na wanawe wawili, Byemelwa mkubwa na Rwezaula mdogo. Byemelwa akaenda ng'ambo kutafuta maisha. Akaandika barua, kisha akaacha kuandika. Rwezaula akataka kuoa. Wakwe wakamuuliza, "Kaka yako yuko wapi? Hatuozeshi mdogo kabla ya mkubwa kujulikana alipo." Basi wakakata mgomba. Shina alilichagua mama mwenyewe, nene kidogo, kwa sababu mwanawe alikuwa na mwili. Walilia vizuri. Katibu wa kijiji akaandika: Byemelwa, marehemu.

Marehemu alikuwa ng'ambo anakaanga samaki. Mwaka wa pili baada ya kuzikwa, akapata binti na mwanamke mgeni kama yeye. Mtoto alipoanza kutambaa, marehemu alisema anakwenda dukani mara moja kununua chumvi. Hakurudi.

Mtoto huyo ni Asimwe. Mama yake alimlea peke yake, na alipofariki, majirani walichanga nauli wakamtuma kwa kina baba yake, akiwa na cheti cha kuzaliwa na Kiswahili alichojifunza jikoni kwa mama. Alifika kwa Bibi Kokwijuka mchana, akasimama uani.

"Shikamoo, Bibi. Mimi ni mtoto wa Byemelwa."

Bibi alimzunguka kama mtu anayekagua ng'ombe. "Masikio hayo," akasema. "Hata nikitaka kukukataa, masikio hayo yatanisuta. Karibu ndani, mjukuu wangu. Baba yako yuko nyuma ya nyumba, tumemzika."

Asimwe alikuwa na kibali cha kukaa hadi shule zitakapofungwa. Kikiisha, angesindikizwa mpakani. Nchi aliyozaliwa ilikwisha kumwambia kuzaliwa pale hakumfanyi kuwa wa pale. Nchi ya mama yake ilikwisha kumwambia mtoto ni wa baba. Ilibaki nchi ya migomba. Ikimkataa nayo, hapakuwa na mpaka ambao upande wake wa pili palikuwa na mtu wa kumpokea.

Bibi akampeleka mjini. Ofisa wa uraia aliitwa Bwana Salvatori, mtu nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alisoma cheti, akasoma kumbukumbu za kijiji, akavua miwani.

"Bibi, mwanao alifariki. Mwaka wa pili baada ya hapo akapata mtoto. Marehemu hazai."

"Mwanangu, hatukumzika yeye. Tulizika mgomba."

"Kwa nini mlizika mgomba?"

"Kwa sababu yeye hakuwepo."

Bwana Salvatori alifikiri kidogo. "Serikali inatambua kaburi," akasema. "Haitambui yaliyomo."

Bibi akarudi nyumbani. Sasa sikilizeni. Katika nchi ile, mwanamke anayefukua kaburi hali tena chungu kimoja na wenzake, na siku akifa kijiji hakimbebi. Bibi Kokwijuka alilijua hilo kuliko wote, maana ndiye aliyekuwa akiwafundisha wake za watu. Akachukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba, akachimba. Majirani walisimama uani wakitazama. Rwezaula alisimama pamoja nao, mikono nyuma.

Bibi alitoa blanketi la mistari. Ndani mlikuwa na udongo na nyuzinyuzi. Akalikung'uta mbele ya watu, akalipeleka mjini.

Bwana Salvatori alilitazama blanketi kwa mbali. "Hili linathibitisha kwamba kaburini hayumo," akasema. "Halithibitishi kwamba alikuwa hai. Nileteeni mwenyewe."

Jioni ile Rwezaula alimwambia mama yake, "Mama, nitamleta kaka."

"Utamtoa wapi?"

"Nitamtoa alipo."

Bibi alimtazama mwanawe kwa muda mrefu. Swali lililofuata hakuliuliza.

Mimi nitalijibu. Byemelwa alikuwa amerudi nchini zamani. Alifika hadi mji wa pili, akasikia kwamba amezikwa, akaona kifo kinamkaa vizuri. Marehemu hachangii harusi wala haulizwi ada za watoto. Akafungua duka la magodoro. Siku moja Rwezaula alimkuta sokoni, na ndugu wakapeana mkono: mmoja abaki na mauti yake, mwingine abaki na shamba.

Rwezaula akaingia dukani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Si tulikubaliana usije hapa?"

"Mama amefukua kaburi."

Byemelwa akaketi juu ya godoro. "Amekuta nini?"

"Blanketi la mistari."

"Mlinizika na lile la mistari? Lile lilikuwa zuri!"

"Kaka, kuna binti. Yule uliyemwacha ukaenda kununua chumvi. Watamfukuza nchini."

Byemelwa alichunguza kucha zake. "Amekua?"

"Amekua. Ana masikio yako."

"Maskini. Na mimi nikifufuka, napata nini?"

"Nusu ya shamba."

"Nusu ya juu au ya bondeni?"

Ya bondeni ndiyo iliyokuwa na maji, na ndiyo iliyokuwa ikimlisha Rwezaula na wanawe. "Ya bondeni," akasema.

Lakini mila ilikuwa na neno lake. Mtu aliyezikwa hapiti mlangoni. Ukuta wa nyuma hutobolewa tundu, naye huingia kwa kichwa kama mtoto mchanga, akapokewa na mama yake na kunyweshwa uji. Wakatoboa tundu. Walilikadiria kwa kijana aliyeondoka, wakasahau kwamba anayerudi amekaa miaka mingi juu ya magodoro. Byemelwa akakwama tumboni. Kichwa kilikuwa ndani, miguu ilikuwa nje kwenye maharage.

"Vuteni!" akalia. "Mnaniua mara ya pili!"

Bibi akashika mkono mmoja, Asimwe akashika wa pili, wakavuta. Hivyo ndivyo binti alivyokutana na baba yake: kwa kumzalisha. Byemelwa akaangukia sakafuni, vumbi tupu, akainua uso akamwona.

"Umekua," akasema.

"Chumvi ulipata?" Asimwe akauliza.

Bibi akamjaza mwanawe uji kinywani kabla hajajibu.

Asubuhi ya siku ya kufunga shule, wote wanne walikuwa ofisini. Byemelwa akaweka dole gumba kwenye fomu kwamba ndiye baba. Mambo yangeishia hapo, lakini katibu wa kijiji, mtu aliyependa kufanya kazi yake vizuri, alikuwa amewapa barua. Bwana Salvatori akaisoma kwa sauti: "Hii ni kuthibitisha kwamba ndugu Byemelwa, aliyekuwa marehemu, amezaliwa upya Alhamisi iliyopita, na hali yake ni nzuri."

Akaiweka chini. "Kwa mujibu wa barua hii, baba bado ananyonya na binti anamaliza shule ya msingi. Mkitaka, binti anaweza kumwombea baba uraia."

Hakuna aliyecheka. Kwenye meza palikuwa na muhuri wa KUKATALIWA, karibu na mkono wa ofisa, wino wake haujakauka. Muhuri wa KUKUBALIWA ulikaa kabatini.

"Shikamoo, afande," Asimwe akasema. "Ukinikataa, utaandika nipelekwe mpaka upi?"

"Wa nchi uliyozaliwa."

"Walikwisha kunikataa. Barua yao hiyo hapo."

"Basi wa nchi ya mama yako."

"Barua yao iko chini ya ile."

Bwana Salvatori akageuza karatasi moja, kisha nyingine. Kwenye fomu, mstari wa kuandika mpaka ulikuwapo, na sheria haikuruhusu uachwe wazi. Kisha akainuka, akaenda kabatini. Aliporudi aligonga muhuri, akaikunja barua ya katibu, akaitia mfukoni mwake. Kama ilikuwa huruma, au alikosa tu cha kuandika kwenye mstari ule, mimi sikuwa ndani ya kichwa chake.

"Cheti kitatoka mwezi ujao," akasema. "Anayefuata!"

Wakachinja mbuzi. Na katika nchi ile, mbuzi wa mtoto aliyekaribishwa nyumbani ana kidari, na kidari hicho hakiliwi na watu wawili. Hupewa yule aliyemfanya mtoto kuwa wa pale, na mtoto mwenyewe ndiye anayempa. Anayekila ndiye atakayemsemea mtoto siku zote, atapokea mahari yake, atakesha akiugua. Na akifa, mtoto huyo ndiye atakayemzika, hata kama watu wote wamekataa.

Watu walikuwa wamejaa uani. Bwana Salvatori alikuja na mkewe, bila kualikwa. Bibi Kokwijuka alikaa peke yake nyuma ya jiko, na sahani yake peke yake, kwa sababu ya lile jembe. Asimwe akasimama katikati na kidari kwenye sahani.

Byemelwa akasema, "Kidari ni changu. Sheria ilitaka baba, na baba ni mmoja. Fukueni makaburi ya nchi nzima. Bila dole langu, huyu ni mgeni. Tena nimepita ukutani na tumbo hili. Na nawaambia mapema, cheti bado hakijatoka. Nikinyimwa kidari, Jumatatu nitakwenda mjini niseme simjui."

Rwezaula akasema, "Kidari ni changu. Huyu nimemtoa mimi kwenye magodoro. Nimempa bondeni, na wanangu watalima mawe. Baba ametoa dole, ambalo bado analo. Mimi nilichotoa sinacho."

"Uliniacha kaburini miaka yote hiyo!" Byemelwa akafoka.

"Nani alikufungia? Ulikaa mwenyewe, ukauza na mito!"

Bwana Salvatori akakohoa. "Kidari ni changu, kwa heshima zote. Ninyi mliniletea mtoto mchanga mwenye ndevu. Muhuri wa kukataa ulikuwa chini ya kiwiko changu. Nimeinuka, nimetembea hadi kabatini. Barua ile nimeificha, bado iko mfukoni. Ikisomwa na mkubwa wangu, ninyi mtabaki na nyumba zenu. Mimi nitafukuzwa kazi."

"Si uichane?" mtu akasema.

"Ni hati ya serikali," Bwana Salvatori akasema, kwa uchungu.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya jiko.

"Mimi meno ya kidari sina," Bibi akasema, na watu wakacheka. "Lakini msije mkasema sikudai. Nadai. Masikio nimeyatambua mimi, kabla sheria haijavaa miwani. Nimechimba kwa mikono hii, na siku nikifa hakuna bega litakaloingia chini ya jeneza langu. Hao wengine wana watu wa kuwazika. Mmoja wao amekwisha kuzikwa."

"Mama," Rwezaula akasema taratibu, "mgomba uliuchagua wewe. Usingezikwa ule mgomba, mtoto asingekataliwa."

"Niliuchagua," Bibi akasema. "Niliamini mwanangu amekufa. Na wewe ulijua yuko hai, ukasimama uani, mikono nyuma, ukanitazama nikichimba."



Asimwe aliwatazama wote wanne. Baba, ambaye bila yeye hakuna cheti, na ambaye akikasirika cheti hakitoki. Baba mdogo, aliyetoa shamba baada ya kuficha siri. Ofisa, aliyetembea hatua chache hadi kabatini na huenda akazilipia kwa kazi yake. Bibi, aliyemfungulia kaburi alilolijaza mwenyewe.

Akachukua chumvi, akainyunyiza juu ya nyama, polepole, huku akimtazama baba yake. Kisha akainua sahani, akapiga hatua ya kwanza.

Mimi naishia hapo alipoinua mguu. Nyama inapoa, na ninyi mmeshiba maneno ya watu bila kutoa hata moja. Je, ungekuwa wewe Asimwe, cheti hakijatoka na bibi hana wa kumzika, sahani ungeitua mbele ya nani?