Nyota za Mchana Nyumbani kwa Mize

"Jua hula paa, mvua hubeba lawama."

Bi Riziki aliyasema hayo huku akiendelea kuchambua mchicha. Wajukuu zake walikuwa wamemletea habari kwamba jirani zao, mtu na mkewe, wameachana kwa sababu ya mchuzi uliozidi chumvi. Wakatazamana. Chumvi na paa, wapi na wapi?

"Nyie mmezaliwa chini ya bati, hamna kosa," akawaambia. "Kaeni. Msemo huu una nyumba yake ulikozaliwa, nami naijua."

Zamani, hapa hapa kijijini, nyumba zote zilikuwa za makuti. Mize alipoolewa na Sefu Dadi, mkulima wa minazi, nyumba yao iliezekwa na Fundi Kitwana. Siku aliyoteremka kutoka paani, fundi aliwaambia maneno aliyomwambia kila mtu: "Paa hili litafika masika sita. Lakini kila kiangazi kikiisha, lihesabieni nyota."

Kuhesabu nyota kulikuwa hivi. Jua likiwa utosini, mke huingia ndani akafunga mlango na madirisha. Katika giza lile, kila penye kuti lililochoka hupenya nukta ya nuru. Mke hupachomeka ufito mrefu, na mume aliye nje juu ya ngazi, akiuona ufito unachungulia, huziba pale kwa kuti jipya.

Mize aliipenda siku hiyo kuliko sikukuu.

"Umeiona?" huuliza kutoka gizani.

"Nimeiona! Nusura unitoboe jicho."

"Basi sogeza kichwa, kuna nyingine kubwa kama hicho kichwa chenyewe."

Mama yake Sefu, Bi Tatu, akiwa amekaa uani, huwasikia akacheka peke yake.

Upande wa magharibi wa nyumba ilisimama miti miwili ya mikungu. Haikuligusa paa, ila kivuli chake kililifikia kila alasiri. Mwaka wa tatu Sefu akaanza kazi ya kukausha nazi ziwe mbata, akataka uwanja wa kuzianikia. Akaukata mkungu mmoja. Wa pili mama yake aliukalia chini ya shina, akasema, "Huu alipanda baba yako. Anza na mimi." Sefu akauacha.

Kiangazi kilipoisha, Mize akatoa ufito wake.

"Paa limevuja?" Sefu akamuuliza.

"Halijavuja."

"Sasa unalitafutia nini? Mbata zinaningoja."

Mize akaurudisha ufito ukutani. Mwaka uliofuata aliutazama tu, hakuutoa.

Masika ya nne yakaja. Siku ya tatu ya mvua, maji yalishuka chumba cha magharibi kana kwamba hakuna paa. Mpunga wa mbegu ukalowa wote, na kabla hawajapata jua la kuuanika, ukaota ndani ya kapu. Sefu alipouona umechipua kijani, alikwenda moja kwa moja kwa Jumbe wa kijiji kumshtaki Fundi Kitwana.

Desturi ilikuwa nzito. Fundi ambaye paa lake halikufika masika aliyoyataja alikabidhi kisu chake cha kuezekea kwa Jumbe, na hakupanda tena juu ya nyumba ya mtu. Kitwana alikuwa na mvi kichwa kizima, na hakuwa na kazi nyingine aliyoijua.

Mvua ilipopumzika, Jumbe akaja na wazee wawili. Kitwana alikuwa amekwisha kukitoa kisu kiunoni, kakishika mkononi.

"Mvua ya mwaka huu ilikuwa kali," akasema Jumbe, "lakini mapaa mengine yamesimama. Una la kusema, fundi?"

"Naomba nipande kwanza."

Akapanda upande ule wa magharibi, akachomoa kuti moja mahali palipovuja na jingine hatua chache kutoka hapo, mahali ambapo mkungu wa Bi Tatu ulitupa kivuli. Akampa Jumbe yote mawili. La kwanza lilivunjikavunjika mkononi kama ganda la yai, na kamba yake ikakatika kwa kuguswa tu. La pili lilipinda, likarudi.

"Mkono uliosuka ni mmoja," akasema Kitwana taratibu. "Siku ya kuezeka ni moja. Na mvua iliyonyesha hapa ndiyo iliyonyesha pale." Akamgeukia Sefu. "Bwana, nyota mlihesabu lini mara ya mwisho?"

"Kila mwaka tunahesabu," Sefu akajibu upesi.

Jumbe akamtazama Mize aliyesimama mlangoni. "Mama wa nyumba, ni kweli?"

Mize alimtazama mumewe, akatazama kile kisu mkononi mwa mzee wa watu. Kumwaibisha mume mbele ya wazee halikuwa jambo dogo siku zile.

"Kiangazi hiki hatukuhesabu," akasema. "Wala kile kilichopita. Ufito wangu ule pale ukutani, una utando wa buibui."

Sefu aliinamisha kichwa, macho yakaangukia kisiki cha mkungu.

"Asilaumiwe peke yake," akasema Kitwana. "Nilipita njia hii nikaona mti umekatwa. Nilijua jua litafanya nini. Nikajisemea, mwenye nyumba mwenyewe ana macho. Na mimi nina sehemu yangu."

Hapo Bi Tatu akapaza sauti kutoka uani. "Na hiyo mvua mnayoitukana? Yenyewe imefika jana tu! Jua limekula paa miaka miwili mnalichekea, kwa kuwa linakausha mbata. Mvua imekuja kubeba lawama."

Jumbe akacheka, wazee wakacheka, na mwishowe hata Sefu. Kitwana akakirudisha kisu kiunoni.

Mchana huo huo Sefu akaegemeza ngazi. Mize akafunga mlango, akainua macho gizani. Nyota zilikuwa nyingi hata akashindwa pa kuanzia. Akachomeka ufito.

"Umeiona?"

Nje, Sefu aliishika kwanza ncha ya ufito.

"Nimeiona, mke wangu," Sefu akajibu. "Nipe nyingine."

Bi Riziki aliuweka mchicha kando. "Mize alikuwa bibi yangu," akasema. "Nimekaa naye katika giza lile. Bati halina nyota za namna ile, wanangu."

Mjukuu mkubwa alitazama nyumba ya jirani, ambako mlango ulikuwa umefungwa tangu asubuhi.

"Kumbe chumvi imefika jana tu," akasema polepole.

"Eeh," akajibu Bi Riziki. "Jua hula paa, mvua hubeba lawama."