Nyati na Wenye Miguu Minane

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama waligombea viwanja kama binadamu, kulikuwa na msitu wa hifadhi wenye sheria moja: mwenye watu wengi ndiye anayekaa.

Nyati akaja na watu wake. Pamoja naye, hamsini kamili. Akasimama juu ya majani makavu ambamo Sange, mama mwenye pua ndefu na mwili wa kutosha kiganjani, alikuwa amelaza mapacha wake.

"Mama Sange, hama. Sisi hamsini, nyie watatu."

"Na majirani zangu, bwana mkubwa? Wenye miguu minane hujawahesabu."

Nyati akacheka mpaka masikio yakapiga pa, pa. "Vibuibui? Haya, wahesabu mpaka jua lifike tawi lile. Popote utakapowakuta, ni wako."

"Popote?"

"Neno langu silivunji."

Sange akatandika kitambaa cheupe, akachekecha majani kwa chekeche. Cheke, cheke, cheke. Vumbi likaanguka.

"Inama. Na usipumue."

Nyati akainama kwa dharau. Dharau ikamtoka hapo hapo. Lile vumbi lilikuwa linatembea. Mmoja mwekundu, mwororo kama mahameli. Mwingine ana makoleo kama nge lakini mkia hana, mdogo kuliko punje ya ulezi, anarudi kinyumenyume. Na buibui sawa na ncha ya sindano, anaburuta kifuko cha mayai kama mama anayehama nyumba.

"Hawa wote nimekuwa nikiwakanyaga?" akanong'ona.

"Kila siku. Hesabu."

Wakahesabu, pua kwa pua.

"Huyu ana sita, ni siafu. Mtoe," akasema Nyati.

"Arobaini na tano... arobaini na sita."

Jua likawa karibu kugusa tawi. Nyati akashusha pumzi, phuuu, kitambaa kikabaki kitupu. Sauti yake haikuwa na furaha.

"Na nyie watatu, arobaini na tisa. Pole, mama. Fungeni mizigo."

Sange akaruka, tii, akatua kwenye sikio la Nyati.

"Kupe. Ana minane, hesabu mwenyewe. Hamsini. Na huyu mwenzake, hamsini na moja. Niendelee, bwana mkubwa? Mkiani bado sijafika."

Nyati akaondoka na watu wake, akiinua kwato moja moja, kama ardhi yote ni mayai.

Basi nyie wenye miguu mikubwa, kabla hamjajisifia wingi, tazameni chini, halafu mjipapase masikio.