Mikono Juu ya Meza

Hapo zamani za juzi tu, king'ora cha kiwanda cha korosho kilipokuwa bado kinaamsha mji mzima, wanawake watatu waligombea nyumba moja. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kiwanda, namba nne, vyumba viwili, bomba uani. Sikieni vizuri hapo: bomba uani.

Hakuna aliyeitaka nyumba ile kama Somoe. Somoe alikuwa mbanguaji. Kubangua ni kupasua ganda la korosho, na ganda lile lina mafuta yanayounguza. Vidole vyake vilikuwa vyeusi, vimechunika, hata chumvi ya mboga ilimliza. Alitembea saa nzima kuja kazini, saa nzima kurudi, kisha ndoo, kisha watoto wanne.

Agripina alianza kazi siku moja na Somoe, meza moja. Mwaka wa pili Agripina akahamishiwa kumenya, kule korosho ikishakauka huondolewa ngozi nyembamba. Kule haungui mtu. Kila saa ya uji Somoe aliitazama mikono ya mwenzake. Laini. Ina hina. Alikuwa akikoroga uji wake mpaka unapoa.

Wa tatu ni Modesta, mbanguaji pia. Kusoma hakujua, na kusema alisema akilazimika.

Siku moja meneja, Bwana Nalinga, akagawa karatasi za maoni mia na ishirini. "Msiandike majina," akasema. "Andikeni ya moyoni." Swali lilikuwa moja: Hali ya kazi ikoje?

Sasa, nanyi mnajua tulivyolelewa. Mtu akiulizwa hali hujibu nzuri, hata kama nyumbani kuna matanga. Bwana Nalinga akafungua ya kwanza: Nzuri. Ya pili: Nzuri. Ya tatu: Nzuri, sijui wewe. Karatasi mia na kumi na tisa zilimwamkia, hata ya Modesta, aliyoandikiwa na mwenzake. Moja tu ilikuwa na neno na herufi, kisha basi: Mikono y.

Meneja akakuna kichwa. Akaitisha warsha, meza kwa meza, kila meza iyazungumze majibu na iseme la kufanya.

"Warsha ina chai?" wakauliza.

"Ina chai na maandazi."

Wakaja wote.

Meza ya Somoe walikuwa saba. Agripina akaletwa awe wa nane, aongoze, kwa sababu ana mwandiko mzuri. Somoe akaliuma andazi lake kama lililomkosea.

Agripina akainua ile karatasi moja. "Hapa pameandikwa mikono yetu," akasema.

Wakatafuna maandazi.

"Nani ameandika?"

"Si tuliambiwa bila majina?" mmoja akadakia. "Unatupeleleza, bibiye?"

"Basi siulizi nani. Wekeni mikono juu ya meza. Yote."

Mikono kumi na minne ikawekwa, myeusi kama sufuria za msibani. Ya Agripina ikaja mwisho, na hina yake. Akaitazama kitambo. "Haya, semeni. Na asiniambie mtu nzuri."

Wakasema. Mafuta ya nyonyo ya kupaka yanatolewa asubuhi tu, kijiko kimoja. Saa nne yamekwisha. Makopo yamejaa stoo, lakini mtunza stoo hayatoi. Agripina akaandika kwenye bango kwa herufi kubwa: KILA MEZA KOPO LAKE, KILA ASUBUHI. Wakampigia makofi. Somoe akapiga mawili, akaacha. Modesta alikuwa amesinzia, mikono yake bado ipo mezani.

Bango likatundikwa ukutani. Likakaa wiki moja. Likakaa wiki mbili. Nzi wakalitia madoa.

Ndipo asubuhi moja Modesta akauliza bango linasema nini, akasomewa, akaenda stoo.

"Unataka nini?" akaulizwa.

"Makopo."

"Bango halifungui stoo, mama."

Modesta akakaa kizingitini. Mtunza stoo hakuweza kutoka wala kuingia, akatoa makopo. Kesho yake Modesta akakaa tena. Kesho kutwa tena. Asubuhi arobaini alikaa. Ya arobaini na moja akayakuta makopo yamepangwa nje, na mikono ya watu ilikuwa imeanza kuota ngozi mpya.

Bwana Nalinga akafurahi. Akawakusanya uwanjani, ufunguo wa namba nne mkononi. "Aliyeleta jambo hili aje achukue."

Agripina akatoka. "Ni mimi. Lile neno lilikuwa bubu, nikalitia ulimi. Na mikono yangu haikuungua. Ningeweza kusema tunywe chai, twende zetu."

Modesta akasukumwa mbele na wenzake. "Maneno yalikuwa ukutani," akasema, "mafuta yalikuwa stoo. Nikayakutanisha."

Somoe akaona akinyamaza, nyumba imekwenda. Na ikienda kwa Agripina, mikono laini, sasa na bomba uani? "Neno ni langu!" akasema. "Bila neno hilo mngekuwa bado mnajibu nzuri!"

Meneja akamwambia aandike neno lile, akalinganisha na karatasi. Mwandiko ulikuwa ule ule.

"Sawa, shoga, neno ni lako," Agripina akasema kwa upole. "Lakini uliliacha njiani. Neno 'yetu' nililisema mimi."

Upole ule ndio uliomchoma. "Hata herufi zangu unanimalizia!" Somoe akafoka. "Nani alikuambia ni yetu? Nilikuwa naandika mikono ya Agripina! Mikono ya Agripina ni laini mno, arudishwe kubangua aungue kama sisi! King'ora ndicho kilichonikatiza!"

Mtu mmoja akacheka, kisha uwanja wote. Agripina akaificha mikono yake ndani ya kanga. Modesta peke yake hakucheka.

"Mafuta ni yale yale," akasema. "Hayaulizi yaliombwaje."

"Wagawane!" akapaza sauti mmoja wa nyuma.

"Vyumba viwili, majiko matatu?" akajibiwa. "Watamwagiana maji ya moto."

Bwana Nalinga akautazama ufunguo. Neno lilitoka kwa Somoe, japo kwa wivu. Mazungumzo yalitoka kwa Agripina, japo alisoma yasiyoandikwa. Makopo yalitoka kwa Modesta, japo asingejua ayafuate wapi kama wenzake wasingesema, na waliposema yeye alikuwa usingizini.

Ufunguo ni mmoja. Somoe amenyoosha mkono wenye ngozi mpya, na macho yake hayako kwenye ufunguo, yako kwenye kanga ya Agripina. Asinijibu mtu "wote", maana bomba nalo ni moja. Haya, nyie mliokaa hapo: je, nani alistahili?