Daktari Aliyefuta Makosa Yake

Ndugu zangu, palikuwa na binti aliyesomea upasuaji, ule wa kupitia vitundu vidogo tumboni: kamera inaingia, vyuma virefu vinaingia, daktari anatazama kwenye skrini. Kabla ya kumgusa mtu, wanafunzi walifanya mazoezi kwa mashine. Ukikata pasipo pake, tumbo la bandia lilivuja damu kwenye skrini. Ukimaliza, mwalimu aliletewa makosa yako yote.

Binti huyu aliogopa mno kuonekana hajui. Basi kila damu ilipotoka, alibonyeza kitufe cha kuanza upya. Zoezi lisilokamilika halikuandikwa popote.

Mwenzake, kijana mmoja, hakubonyeza. Alihangaika na damu mpaka ikakoma, au mgonjwa wa bandia akafa.

“Kaka, leo umeua wangapi?” binti akamtania.

“Watatu tu, dada. Jana walikuwa sita!”

Naona nanyi mnacheka.

Siku moja mwalimu akamwambia binti, “Sijaona kosa lako hata moja. Leo vyuma utashika wewe. Tunamtoa mama mmoja kifuko cha nyongo.”

Akanawa, akavaa glavu. Mama yule alikuwa amekwishapewa dawa ya usingizi, kifua kikipanda na kushuka taratibu. Hapo binti akajiuliza: Damu ikitoka, nifanye nini? Hakujua. Hakuwahi kukaa na damu hata dakika moja. Ungekuwa wewe, ungesema, mbele ya wauguzi wote wale?

“Mwalimu,” akasema. “Makosa yangu nilikuwa nayafuta. Sijui kuzuia damu.”

Mwalimu akamwonyesha kando ya ukuta.

“Rudi nyuma, mwanangu. Simama pale utazame.” Akamgeukia kijana. “Wewe uliyenimalizia wagonjwa wa bandia, njoo.”

Na damu ilitoka kweli. Kijana akaibana, mkono wake haukuyumba. Mama yule akaamka.

Mimi siwezi kumhukumu binti. Namfahamu mno, anafanana nami. Sisi tunakuja hapa ibadani na nyuso safi. Tukikosea nyumbani, tunabadilisha mazungumzo. Tukimuumiza mtoto, tunasema atasahau. Tunaogopa macho ya watu, wala hatuogopi kwamba tumekabidhiwa uhai wa mtu.

Binti alisema kabla kisu hakijagusa ngozi. Hilo ndilo linalonitisha, ndugu zangu. Sisi wangapi hapa tumeshaanza kukata?