Mtamba wa Masanyiwa na Mpira Usio na Bao

Hapo zamani, si zile za wafalme, hizi za juzi ambazo viatu vya mpira vilishakuwa na rangi za kasuku, vyuo vilicheza mpira wa kwenda mbele tu. Beki mbele, nahodha mbele, na kipa naye ukimwachia kidogo unamkuta katikati ya uwanja anaomba pasi. Mechi ziliisha saba kwa tano, sita kwa sita, na watu wakarudi makwao koo zimekauka. Kijana aliyejua kufunga mabao aligombaniwa: chuo hiki kimempa kitanda, kile kimempa kitanda na godoro, na mwaka haujaisha kashahama. Kijana aliyejua kuzuia hakugombaniwa na mtu yeyote. Watu walisema kuzuia kumekufa na kumezikwa, sheria za siku hizi zimekuzika, na refa ndiye aliyeshika jembe.

Chuo kilichofunga kuliko vyote kiliitwa Bwawani. Na mfungaji wa Bwawani aliitwa Lutubija, mtoto wa Mzee Masanyiwa.

Sasa huyu Masanyiwa mumjue. Alikuwa na ng'ombe wengi na maneno mengi zaidi. Tangu mwanawe aanze kutajwa redioni, mzee hakusalimiwa akaitikia tu. Ilikuwa lazima kwanza akuambie bao la juzi liliingia kwa mguu gani. Mkewe, Nkwimba, alishachoka.

"Baba Lutubija," alimwambia, "uji unapoa. Hilo bao limeshaingia, halitoki tena."

Ikafika fainali, ikachezwa kwenye uwanja usio mbali na kwa Masanyiwa. Bwawani wakapangwa na Lusanje, chuo cha mifugo, watoto wa kukoga kwa ndoo, wanaonuka maziwa. Lusanje wasingefika fainali kwa kufunga, maana walifunga kwa shida kama watu wanaong'oa jino. Walifika kwa kutofungwa. Masanyiwa aliposikia hivyo alicheka mpaka akashika mbavu. Wakati timu zinapasha misuli, akasimama mbele ya uwanja mzima na kupaza sauti:

"Mtu wa Lusanje atakayemzuia mwanangu asifunge leo, mtamba wangu mwekundu ni wake! Nimesema!"

Watu wakacheka. Nkwimba hakucheka. Alimvuta shati.

"Umesema nini wewe?"

"Utani tu, Mama Lutubija."

"Ng'ombe hatangazwi kwa utani. Unajua kwenu kukoje."

Alijua. Kwao ng'ombe akishatangazwa mbele za watu, hata kwa kicheko, halali tena kwenye zizi la aliyemtangaza. Jua likizama akiwa bado zizini, mwenye zizi amekuwa mwongo, na mwongo wanawe hawapewi wake, wala hasikilizwi kwenye kikao. Na mtamba wa namna hiyo hauzwi, hachinjwi, hagawanywi. Kamba inakwenda kwenye mkono mmoja. Na huyu mwekundu alikuwa wa uzao wa ng'ombe aliyemlea Masanyiwa kwa maziwa, mama yake mzazi alipokufa. Sasa alikuwa na mimba yake ya kwanza. Zizi zima halikuwa na mwingine wa kumfikia.

"Watamzuia nani hao?" Masanyiwa akasema, akakaa.

Mpira ukaanza.

Lutubija akaupata mpira, akageuka. Akakuta mtu. Akageukia upande mwingine. Akakuta mtu. Akampasia mwenzake, akakimbilia mahali palipokuwa wazi, na alipofika hapakuwa wazi tena. Mara ya kwanza Masanyiwa aliguna. Mara ya pili akasema refa haoni. Ilipoendelea hivyo, akanyamaza, na Nkwimba akamtazama usoni kuona kama anaumwa.

Maana Lusanje hawakuwa wakikimbia hovyo. Walisogea. Mmoja akienda kushoto, wote wanakwenda kushoto, kama nguo inavyovutwa kwenye kamba. Hawakupiga mtu, hawakuvuta mtu, hawakuruka na miguu juu. Walifika tu kabla. Na mbele yao wote alikuwepo mmoja, Kashinje, mwembamba kama mwiko, amemganda Lutubija. Lutubija akifunga kiatu, Kashinje yupo. Lutubija akinywa maji, Kashinje anamtazama anavyomeza.

Bwawani walipiga kona, walipiga krosi, walipiga mashuti ya mbali yaliyotingisha milingoti. Uwanja uliozoea kupiga kelele ukanyamaza, na hakuna aliyeondoka. Wauza karanga waliacha kuuza. Masanyiwa alikuwa ameona mabao mengi maishani, lakini hajawahi kuona kitu hiki: watu elfu na zaidi wamesimama wanatazama jambo lisilotokea, na kila linapozidi kutotokea, ndivyo wanavyozidi kusimama.

"Mama Lutubija," akanong'ona, "hawa ni watu?"

"Ni watu," Nkwimba akasema. "Wamefundishwa."

Karibu na mwisho, Kashinje akateleza. Mara moja tu. Lutubija akapita, akabaki na kipa peke yake, na mpira umemtii mguuni. Kashinje akainuka, akanyoosha mkono, akamshika jezi, wote wawili chini. Penalti. Hata mtoto mchanga angeipuliza.

Lutubija akaweka mpira. Masanyiwa aliona aibu kuwaza hivyo, lakini moyo wake uligawanyika: nusu ilitaka mwanawe afunge, mtamba alale nyumbani, nusu ilitaka lile jambo la ajabu lisivunjike.

Kipa wa Lusanje aliitwa Buluba. Lutubija akaja mbio, bega likaonyesha kulia. Buluba hakwenda kulia. Hakwenda popote. Alisimama kama mtu aliyesahau alichofuata dukani, mpaka mguu ulipougusa mpira, kisha akaanguka kushoto nao ukamkuta mikononi. Akaulalia. Filimbi ikalia.

Sufuri kwa sufuri. Kwa sheria za mashindano yale, sare iliamuliwa kwa kurusha shilingi. Shilingi ikarushwa, kombe likaenda Bwawani, na hao waliolibeba hawakushangiliwa hata na mama zao. Watu wote walikuwa wamemgeukia Masanyiwa.

Akaenda nyumbani, watu nyuma yake, akamtoa mtamba mwekundu, akarudi naye uwanjani akiwa ameishika kamba. Jua lilikuwa limeshainama.

"Aje aliyemzuia mwanangu," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Wakaja watatu.

Wa kwanza alikuwa mwalimu wao, mwanamke mfupi, Mwalimu Minza. Akamsalimia mzee, akasema: "Mzee wangu, hawa walikuja kwangu hawawezi kuzuia hata mlango wa choo. Niliwapeleka zizini alfajiri, wakati wa kukamua. Unajua mwenyewe, ndama mwenye njaa akiona mama yake ana hila kuliko winga yeyote. Nikawapanga kwenye upenyo, ndama upande huu, mama zao upande ule. Fimbo hakuna. Kumshika hakuna. Mtazame bega, kasimame anapotaka kwenda. Walinichukia. Walipigwa vichwa vya matumbo. Leo kila ulichokiona kimetoka kwenye lile zizi. Nimemzuia mwanao kabla hajafika uwanjani. Kamba ni yangu."

Wa pili, Kashinje, mdomo umevimba. "Shikamoo, babu. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti. Mimi nilikuwa na mwanao. Nilipofika Lusanje nilikuwa mfungaji, Bwawani wenyewe walinitaka, kitanda na godoro. Nikaambiwa rudi nyuma, nikarudi. Jina langu halitajwi redioni. Na pale mwishoni, Mwalimu alifundisha kutoshika. Ningemsikiliza, mwanao angeingia golini na mpira kama anaingia chumbani kwake. Nilimshika. Nilijua ni kosa na nililifanya kosa, ndiyo maana kipa akapata nafasi ya kujaribu. Kamba ni yangu."

"Ulimshika kwa sababu uliteleza!" mtu akapiga kelele, watu wakacheka.

"Niliteleza," Kashinje akasema, "halafu nikaamka. Wewe ungelala."

Wa tatu, Buluba, bado na udongo kwenye nywele. "Shikamoo, mzee. Mwenzangu ametuletea penalti, sasa anaomba shukrani, kama mtu anayekuchomea nyumba halafu anakuletea maji. Na Mwalimu wangu namheshimu, lakini ndama hapigi penalti. Aliniambia nitazame bega. Nikalitazama, bega likasema kulia. Bega lilikuwa linadanganya. Ningemtii Mwalimu, saa hizi mtamba wako yuko zizini na wewe unacheka. Nilimkaidi, nikangoja mguu. Mechi nzima wengine waliweza kukosea na mtu mwingine akasahihisha. Mimi nyuma yangu kulikuwa na nyavu tu. Kamba ni yangu."

"We mtoto," Mwalimu Minza akasema, "usingejua kulisoma bega, ungejuaje kwamba linadanganya?"

"Na usingeletewa penalti," Kashinje akasema, "ungedaka nini? Hewa?"

"Bora hewa!" Buluba akasema.

Masanyiwa alikuwa akimtazama huyu, anamtazama yule. Mechi ile, kweli, ilikuwa ya yule mwanamke tangu mwanzo, mpaka pale mwishoni. Na pale mwishoni wanafunzi wake wawili walivunja alichowafundisha, mmoja kwa mkono, mwingine kwa kungoja, na huko kuvunja ndiko kulikookoa. Akamwita mwanawe.

"Lutubija. Wewe ndiye uliyezuiwa. Sema ni nani."

Lutubija alikuwa amekaa chini, kombe liko pembeni yake kwenye nyasi, halitazami. "Baba, kila nilipogeuka nilikuta pamejaa. Sikuona aliyepajaza. Nilipomwona mtu, alikuwa ameshanishika. Nilipopiga, aliyedaka alikuwa hajatikisika hata kope. Kesho nikiulizwa nani alinizuia, nitasema nini? Mimi mwenyewe natamani kujua."

"Hata sura zao hukuzitazama?"

"Hapana, baba. Sijawahi kuzuiwa, sikujua kwamba kuna kutazama sura."

Nkwimba akamsogelea mumewe. "Jua, Baba Lutubija."

Jua lilikuwa limebakisha ukingo mwekundu juu ya paa la jukwaa. Mtamba akapumua kwa nguvu, akavuta kuelekea nyumbani, kwa kuwa ilikuwa saa ya ng'ombe kurudi. Masanyiwa akamshikilia. Mikono mitatu ilikuwa imenyooshwa mbele yake: mmoja wa mama wa makamo, mmoja umechubuka, mmoja una udongo. Akainua kamba.

Na nyinyi mmeuona mpira wote kama alivyouona yeye. Msiniambie wagawane, kamba hiyo inashika mkono mmoja. Msiniambie akamfunge mpaka asubuhi, jua halimngoji. Aliyefundisha, aliyeshika, na aliyengoja: mwondoeni mmoja, bao linaingia. Je, Masanyiwa aiweke kamba ile mkononi mwa nani?