Wavu wa Chambo wa Bi Fisimaji

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo anaitika kama ana kiporo mdomoni? Tena! Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakivua kwa ndoana, palikuwa na mwalo mmoja, bandari ya wavuvi, kando ya ziwa. Kila mnyama alikuwa na ndoana yake. Lakini ndoana bila chambo ni pambo tu, na chambo chao kilikuwa dagaa. Dagaa hushikwa kwa wavu wa matundu madogo. Na wavu wa matundu madogo, wanangu, hauchagui. Hushika dagaa, hushika na vifaranga vya sato.

Basi mwaloni pale paliwekwa sheria. Wavu wa chambo uvutwe na mmoja tu. Wakivuta wawili, Kaa aukate kwa mkasi wake, kwacha! Na mwenye wavu asikanyage mwaloni mpaka masika.

Siku moja Bi Fisimaji alichomwa mkono na mwiba wa kambare. Mkono ukavimba, vuu! Ukawa kama kiazi kitamu. Akaenda majini na wavu wake mdogo, akavuta kwa mkono mmoja. Wavu ukapinda, dagaa wakatoka, chururu! Akavuta tena. Chururu! Nyumbani watoto wake walikuwa wanalamba chungu kikavu.

Korongo alikuwa amesimama pale kwa mguu mmoja. Akamwambia, "Shoga, nipe huo upande wa pili."

"Na sheria je?"

"Sheria naijua. Na sauti za wanao nazisikia toka asubuhi. Nipe."

Bi Fisimaji akatazama huku, akatazama kule. Akampa. Korongo akaubana wavu kwa mdomo, wakavuta polepole. Bi Fisimaji hakuutoa wavu majini. Aliuacha uelee, akaanza kuchagua huku anaimba:

*Dagaa njoo, dagaa njoo!*
*Mtoto wa sato, rudi kwa mamako!*

Mara vichaka vikalia, chakacha, chakacha! Akatokea Nyani. Nyuma yake Kiboko, amefungwa kamba kiunoni, anaburuta wavu wa chambo wa Nyani, mrefu kama njia ya kwenda sokoni. Wavu umeng'oa matete, umezoa tope, umezoa kila chenye mapezi. Buruuu! Ukapanda mchangani.

Nyani akaona. Akapiga kelele, "Wawili! Wawili! Njooni mwone, wanavuta wawili!"

Wanyama wakajaa. Akaja Bwana Mwari yule ndege, mwenyekiti wa mwalo, mfuko wa kidevuni unaning'inia. Akaja na Kaa, mkasi juu.

"Bi Fisimaji, mmevuta wawili?"

"Tumevuta wawili, Bwana Mwenyekiti. Mkono wangu huu hapa."

"Pole, mama. Na wewe Nyani?"

"Mimi? Wangu kavuta mmoja. Kiboko huyu ni wangapi? Mhesabuni!"

"Mimi nimeambiwa nitapewa tikiti maji," akasema Kiboko. "Mambo ya wavu siyajui."

Wanyama wakacheka. Lakini Mwari hakucheka. Aliogopa kusemwa kwamba anapendelea. Akakohoa, akasema, "Sheria ni sheria. Kaa, kata wavu wa Fisimaji."

Moyo wa Bi Fisimaji ukalia, pu! Wavu ukikatwa, chambo hakuna. Chambo kikikosekana, mpaka masika wanawe watakula nini? Machozi yakamjaa. Lakini akatazama ndani ya wavu, akaviona vile vifaranga vinazunguka.

"Kata, baba," akamwambia Kaa. "Ila ningoje kidogo niwatoe hawa. Ukikata wakiwa ndani utawaumiza, na wao hawakuvunja sheria."

Akainama. Mmoja, chubwi! Akaogelea. Mwingine, chubwi! Akaogelea. Korongo akamsaidia kwa ncha ya mdomo, taratibu kama anayetoa kibanzi jichoni. Wote wakaenda zao.

Kisha Bi Fisimaji akasikia kitu mchangani, pata, pata, pata. Ni vifaranga kwenye wavu wa Nyani, vinakata roho. Akakimbia, akachota konzi, akatia majini. Chubwi! Vikaelea, matumbo juu. Akachota tena. Matumbo juu. "Amkeni jamani," akasema. "Amkeni, mmefika nyumbani."

Hawakuamka.

Wanyama wakasogea, wakatazama. Hata Kiboko akaanza kufungua kamba kiunoni.

Mwari akainamia vile vifaranga, mfuko wake ukagusa maji. "Kaa, shusha mkasi," akasema. "Hii sheria waliiweka wazee wetu ili wavu uwe mwepesi, na watoto wa samaki warudi majini wazima. Mimi nimekaa hapa nahesabu mikono. Leo wavu wa wawili umerudisha watoto wazima. Wavu wa mmoja umewaua. Kaa! Kata wa Nyani."

"Lakini kavuta mmoja!" Nyani akapiga yowe.

"Mmoja, ndiyo. Mzito kuliko sisi wote."

Kwacha! Kwacha! Kwacha! Na Mwari akatangaza: kuanzia leo, wavu wa chambo usiguse matete wala usiburutwe nchi kavu. Mwenye mkono mbovu aruhusiwe kushikiwa.

Wanyama wakatawanyika. Nyani akabaki peke yake, anakusanya vipande. Bi Fisimaji akafunga dagaa kwenye jani, akamwekea mapajani.

"Wa nini hawa?" Nyani akauliza, hatazami juu.

"Wa ndoana yako. Mwalo umefungiwa, mto hujafungiwa. Na kwako pia kuna watoto, shemeji."

Nyani akalishika lile jani kwa mikono miwili. Akashika njia ya mtoni.

Wanangu, na ninyi wakubwa mliojifanya hamsikilizi: sheria ya uvuvi imewekwa ili samaki wadogo waishi wakue. Anayeishika kwa mdomo tu huku anawaua, ameivunja.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyelala abebwe, aliye macho ampishe mwenzake mkekani.